Valvu za amplifaya kutoka Louisville hadi Buffalo: Nunua kwa hesabu, si kwa jina

Barabara kuu ya I-71 huanzia Louisville katika jimbo la Kentucky, hupita Columbus, Ohio, na kuishia Cleveland. Anayekwenda Buffalo, New York, hushika I-90 kutoka hapo. Louisville hadi Columbus ni kilomita 340 hivi, na Columbus hadi Buffalo ni kama 530. Kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi katika miji hii mitatu, wengi wao wakiwa wametoka mashariki ya Kongo au wamepitia kambi za wakimbizi za Tanzania na Kenya, hiyo ndiyo njia ya harusi, misiba na makongamano ya kwaya. Na ndani ya magari yao, katikati ya watoto na masufuria ya chakula, husafiri magitaa na amplifaya.

Nyingi ya amplifaya hizo ni za mitumba. Mtu huikuta dukani mwa vyombo vya muziki vilivyokwishatumika, huipenda sauti yake, na akichungulia nyuma huona vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya machungwa kama makaa. Vichupa hivyo ndivyo valvu. Wenzetu wa Kongo, kwa kufuata Kifaransa, wengi huviita lampu. Ni tofauti na transista kwa jambo moja kubwa: valvu huchoka. Ipo siku amplifaya itaanza kupiga mluzi, kukoroma au kuzima katikati ya wimbo, na hapo mfuko wa kwaya huingia majaribuni.

Katika makala yetu ya leo tunazungumzia namna ya kuchagua valvu mpya. Tunasema mapema: sokoni zipo valvu za dola 20 na zipo za mamia ya dola, na kwa kwaya inayochangishana dola tano tano, tofauti hiyo si mchezo. Mara nyingi fedha hupotea si kwa sababu valvu iliyonunuliwa ni mbovu, bali kwa sababu haikuwa inahitajika.

VALVU HUFANYA KAZI GANI?

Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza, na mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza ndani yake waya wa tatu ulioiwezesha kukuza sauti. Ndani ya kioo hakuna hewa. Kuna uzi unaopashwa moto, na chembe za umeme huruka kutoka sehemu iliyopata joto kwenda kwenye bamba la chuma. Katikati kuna wavu mwembamba. Umeme mdogo sana kutoka kwenye gitaa ukifika kwenye wavu huo, huongoza umeme mkubwa unaokwenda kwenye bamba, kama mkono wa mtoto unavyofungua bomba la maji ya mji mzima.

Redio nyingi za zamani zilifanya kazi hivyo. Transista iligunduliwa mwezi Desemba mwaka 1947 katika maabara ya Bell nchini Marekani, na baada ya miaka 30 hivi ilikuwa imeziondoa valvu karibu kila mahali. Gitaa ndilo lililobaki nyuma kwa hiari. Bendi kama NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1964, zilizaliwa katika zama ambazo sehemu kubwa ya amplifaya za gitaa duniani zilikuwa za valvu, na sikio la wapiga gitaa limeizoea sauti hiyo hadi leo.

Katika amplifaya kuna makundi mawili makuu ya valvu. Kundi la kwanza ni valvu ndogo, zinazopokea sauti ya gitaa na kuikuza hatua kwa hatua. Kundi la pili ni valvu kubwa za nguvu, zinazosukuma spika. Katika amplifaya nyingine, hasa za zamani, kuna kundi la tatu: valvu ya kugeuza umeme wa ukutani kuwa umeme wa upande mmoja. Asiyejua kundi lipi limechoka hawezi kununua kwa akili.

KWANZA MTAFUTE MGONJWA

Kabla ya kutoa hata dola moja, jaribu waya mwingine wa gitaa, kisha waya mwingine wa spika. Angalia na fyuzi. Makosa mengi huishia hapo.

Kama tatizo bado lipo, sikiliza. Mluzi, mlio wa kengele unapogonga kasha, au mchakacho unaokuja na kutoweka, mara nyingi hutokana na valvu ndogo. Washa amplifaya, weka sauti ya wastani, kisha gonga kila valvu ndogo polepole kwa kitako cha penseli ya mbao. Ile inayolia kwa nguvu kwenye spika ndiyo ya kushukiwa. Valvu ya kwanza, iliyo karibu na tundu la gitaa, hutoa sauti kidogo hata ikiwa nzima, kwa hiyo usiihukumu haraka.

Njia ya uhakika zaidi ni kuwa na valvu ndogo moja mpya ya akiba. Zima amplifaya, chomoa waya ukutani, subiri valvu zipoe, badilisha ya kwanza, kisha washa na usikilize. Tatizo likibaki, rudisha ile ya zamani na uende kwenye ya pili. Likiondoka, umempata mgonjwa, na umetumia dola 20 badala ya 150.

Valvu za nguvu zikizeeka dalili ni nyingine. Sauti hudhoofika, besi hulegea, na upande mmoja unaweza kuwa baridi ilhali mwingine unaunguza. Tazama pia ndani ya kioo. Lile doa linalong'aa kama fedha, juu au ubavuni, kazi yake ni kunasa mabaki ya hewa. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo imekufa. Mwanga mdogo wa rangi ya buluu kwenye kioo si ugonjwa. Lakini ukiona bamba la ndani limekuwa jekundu kama chuma cha mhunzi, zima mara moja. Hapo tatizo linaweza kuwa ndani ya amplifaya yenyewe, na valvu mpya ukiiweka itaungua vivyo hivyo. Kadhalika fyuzi inayokatika kila mara ni kazi ya fundi, wala usiiweke fyuzi kubwa zaidi ili kuilazimisha.

AMPLIFAYA NDIYO INAYOCHAGUA

Watu huuliza, "Valvu ipi ni nzuri?" Swali sahihi ni, "Amplifaya yangu inataka ipi?" Jibu huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kasha, kwenye bati karibu na soketi, au katika kitabu cha mtengenezaji.

Namba zisiwatishe. Marekani na Ulaya zilikuwa na namna mbili za kuzipa valvu majina, hivyo valvu moja huwa na majina mawili. 12AX7 ya Marekani ndiyo ECC83 ya Ulaya. 12AT7 ni ECC81, na 12AU7 ni ECC82. Katika valvu za nguvu, EL84 ndiyo 6BQ5. Mwenye duka akikupa ECC83 ulipoomba 12AX7, hajakudanganya.

Kwa mifano inayojulikana: Fender Hot Rod Deluxe hutumia 12AX7 tatu na 6L6 mbili. Fender Twin Reverb hutumia 6L6 nne. Peavey Classic 30 hutumia 12AX7 tatu na EL84 nne, na Vox AC30 nayo husukumwa na EL84 nne.

Hapa pana mtego. EL84 na 12AX7 zote zina pini tisa, na kila moja huingia kwenye soketi ya mwenzake bila kulazimishwa, ingawa kazi zake ni tofauti kabisa. Kwa hiyo piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote, na chomoa moja moja.

Mtego wa pili ni 6V6 na 6L6. Soketi ni ileile, lakini uzi wa moto wa 6L6 hula ampea 0.9, mara mbili ya 6V6 inayokula 0.45. Ukiiweka 6L6 katika amplifaya ndogo iliyoundwa kwa 6V6, unaweza kuiunguza transfoma, na transfoma ni ghali kuliko valvu zote kwa pamoja. EL34 ndiyo inayokula zaidi, ampea 1.5, na mpangilio wake wa pini una tofauti pia. Kuingia kwenye tundu si ruhusa ya kutumika.

JOZI NA BAYASI

Valvu ndogo hubadilishwa moja moja. Valvu za nguvu hubadilishwa zote kwa mara moja, zikiwa jozi au nne zilizopimwa na kukutwa zinapitisha umeme sawa. Zikitofautiana sana, moja hubeba mzigo wa mwenzake, kama ng'ombe wawili wasiolingana chini ya nira moja. Muulize muuzaji kama jozi imepimwa, na uangalie kama namba za vipimo zimeandikwa kwenye boksi.

Baada ya hapo kuna jambo linaloitwa bayasi. Ni kiasi cha umeme kinachopita katika valvu wakati hakuna anayepiga gitaa. Kikizidi, valvu huungua mapema. Kikipungua, sauti huwa kavu na yenye mikwaruzo. Amplifaya kama Vox AC30 hujirekebisha zenyewe. Nyingine, kama Hot Rod Deluxe, zina skrubu ndani ambayo fundi huizungusha huku akisoma mita.

Hesabu yake si siri. 6L6GC huvumilia wati 30 kwenye bamba. Mafundi wengi huishia kwenye asilimia 70, yaani wati 21. Kama umeme wa bamba ni volti 420, gawanya 21 kwa 420, unapata ampea 0.05, au milliampea 50. Hicho ndicho kikomo cha juu kwa kila valvu. Fundi asiyeweza kukueleza hesabu hii, usimwachie amplifaya yako.

Na tunasisitiza jambo hili: kubadilisha valvu kwa nje, amplifaya ikiwa imezimwa na imepoa, mpiga gitaa anaweza. Kufungua chuma cha ndani ni kazi ya fundi. Humo mna volti 300 hadi 500, na kapasita huendelea kushika umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Umeme huo unaua. Pia usiwashe kamwe amplifaya ya valvu bila spika kuunganishwa, kwani transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

JINA LILILO KWENYE BOKSI

Wakazi wa Louisville huenda hawajui kuwa wanaishi jirani na historia ya kitu hiki. Katika mji wa Owensboro, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kando ya mto Ohio, kilikuwepo kiwanda cha Ken-Rad kilichotengeneza valvu za redio. General Electric ilikichukua mwaka 1945 na kuendelea na kazi hiyo mjini humo kwa miongo kadhaa. Na ukitoka Buffalo kuelekea kusini hadi Pennsylvania utafika Emporium, mji uliotoa valvu za Sylvania. Buffalo yenyewe ina jirani aitwaye North Tonawanda, ambako kampuni ya Wurlitzer ilitengeneza masanduku ya muziki ya kutumbukiza sarafu, yaliyokuwa yakipaza sauti kwa valvu.

Ndiyo maana katika minada ya majumbani ya majimbo hayo bado hukutwa maboksi ya valvu za zamani. Zipo nzuri mno. Lakini boksi kuukuu si ushahidi kwamba kilichomo ni kipya. Watu walirudisha valvu chakavu ndani ya maboksi yake. Isiyopimwa kwa mashine ni bahati nasibu, na kwaya haipaswi kucheza bahati nasibu kwa sadaka.

Viwanda hivyo vya Marekani vimeacha kazi hiyo. Leo valvu nyingi za gitaa hutoka sehemu tatu: Saratov nchini Urusi, Čadca nchini Slovakia kwenye kiwanda cha JJ, na China, ambako jina kongwe ni Shuguang la Changsha. Western Electric huko Rossville, Georgia, bado hutengeneza valvu, lakini sifa yake kubwa ni 300B, ambayo ni ya wapenzi wa kusikiliza muziki nyumbani.

Jambo wasilolijua wengi ni kwamba majina kama Tung-Sol ya Marekani, na Mullard na Gold Lion ya Uingereza, yalinunuliwa na kampuni ya New Sensor ya New York. Valvu mpya zenye majina hayo hutoka kiwanda kilekile cha Saratov, pamoja na zile za Sovtek na Electro-Harmonix. Hazifanani zote, na nyingine ni nzuri sana. Ila usilipe bei ya Uingereza ya mwaka 1960 kwa valvu iliyotengenezwa Urusi juzi.

Udhaifu wa kutegemea viwanda vichache ulionekana mwezi Machi mwaka 2022. Baada ya vita vya Ukraine kupamba moto, Urusi ilizuia bidhaa nyingi kutoka nje ya nchi, valvu zikiwemo. Maduka ya Marekani yaliishiwa kwa siku chache tu kwa sababu ya watu kununua kwa hofu. Baadaye shehena ziliruhusiwa tena, lakini bei zilikuwa zimekwishapanda. Funzo ni kuweka akiba ndogo ya valvu unazozitumia, si kukimbilia dukani siku ya kiyama.

SAUTI YA SEBENE

Maelezo mengi yanayouzwa pamoja na valvu yameandikwa kwa ajili ya wapiga roki, wanaotaka gitaa likwaruze na kunguruma. Gitaa la solo la sebene linataka kinyume chake: noti safi, zinazong'aa, kila moja ikisikika peke yake hata zikipigwa kwa kasi. Kwa hiyo sifa ya "kunguruma mapema" kwa kwaya zetu ni kasoro.

Kama amplifaya yako inakwaruza kabla sauti haijatosha, usikimbilie valvu za nguvu. Badilisha valvu ndogo ya kwanza. 12AX7 hukuza mara 100 hivi. 5751 hukuza mara 70, nayo huingia mahali pake katika amplifaya nyingi bila marekebisho. Kwa gharama ya valvu moja, gitaa la solo linaweza kusafika. Na kama spika inakaribiwa na maikrofoni ya mikserini, wati 40 za 6L6 mbili zinatosha ukumbi wa kanisa la kawaida.

BARIDI, NA SAFARI YA NYUMBANI

Majira ya baridi ya Buffalo yana somo lake. Amplifaya iliyolala ndani ya gari huku nje kukiwa chini ya sifuri, ikiingizwa katika ukumbi wenye joto, hutoa jasho la maji kwenye soketi na kwenye kioo. Iache ikae saa moja au zaidi bila kuwashwa, ikauke. Na muziki ukiisha, usiipakie ikiwa bado ya moto. Valvu iliyo moto haipendi mtikisiko, na kioo chake hakipendi theluji.

Wako pia wanaotuma amplifaya nyumbani ndani ya kontena. Tazama maandishi ya nyuma. Yakisema volti 120 na hezi 60 peke yake, amplifaya hiyo ikichomekwa moja kwa moja Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu, kwenye volti 220 hadi 240, itaungua papo hapo. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye wati nyingi kuliko zile zilizoandikwa nyuma yake. Kama imeandikwa wati 180, nunua ya 300 au zaidi, kwa sababu umeme wa hezi 50 huipasha joto transfoma ya hezi 60. Mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, ongeza na kidhibiti cha volti.

Zitoe valvu, andika kila moja soketi yake, zifunge moja moja kwa sponji. Na utume seti ya akiba, kwani aliye Uvira hawezi kuagiza na kuletewa kesho yake kama aliye Columbus.

MWENYE MFUKO WA KWAYA AFANYEJE?

Chukulia kwaya yenye Hot Rod Deluxe inayopiga mluzi. Valvu ndogo za viwanda vya sasa huuzwa kati ya dola 15 na 30 hivi, na jozi ya 6L6 iliyopimwa kati ya 50 na 90. Kwaya inunue kwanza 12AX7 moja na kumtafuta mgonjwa. Mluzi ukiondoka, kazi imekwisha, na valvu ya akiba itanunuliwa mwezi ujao. Kama ni valvu za nguvu, inunue jozi ya kawaida iliyopimwa, na fedha ambayo ingekwenda kwenye jina maarufu impelekee fundi wa bayasi. Jozi ya kawaida iliyorekebishwa vizuri huishi kuliko jozi ya kifahari iliyochomekwa ovyo.

Mwisho, andikeni kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi: valvu gani imewekwa, soketi ipi, tarehe gani, na bayasi kiasi gani. Kibandikeni ndani ya kasha. Wapiga gitaa huhama miji, viongozi wa kwaya hubadilika, na amplifaya hubaki. Atakayeifungua baada ya miaka miwili, awe Louisville au Uvira, ataanzia pale mlipoishia.